Zamu ya Chovae

Hivi wewe ushawahi kukaa kibarazani kwako, ungo mapajani, unachambua mchele, mara ukaisikia sauti yako mwenyewe inapita barabarani ndani ya bajaji?

Mimi yamenipata. Hapa hapa Kismayu, asubuhi ya Jumatano, jua ndiyo kwanza linapanda. Nasikia dum, dum, dum, hizo ngoma zao za kutikisa madirisha, na juu yake mwanamke anaimba. Nikasema moyoni, huyu ana sauti nzuri, maskini, ila kama ana mafua. Bajaji ikasogea. Nikatega sikio nikasikiliza maneno. Ungo ukaniponyoka, mchele ukamwagika wote. Yule mwanamke mimi!

Nikatoka mbio, mbio zangu hizi za magoti mabovu, nikanyoosha mkono. Dereva ni kijana wa Kisomali, nywele kazichora kama njia ya sisimizi. Akasimama.

"Ayeyo, unakwenda wapi?" Ayeyo kwa Kisomali ndiyo bibi.

"Siendi popote. Huyo unayemsikiliza ndiye mimi."

Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka mtandio. "Haa, ayeyo," akasema, "na mimi ndiye ngoma." Akatia gea akaenda zake.

Kosa lote ni la mume wangu. Msishtuke, mume wangu aliyenioa alishatangulia, Mungu amrehemu. Huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyebaki Mombasa. Kwetu mjukuu wa kiume ndiye mume wa bibi yake, tunaitana hivyo mpaka anaoa, na akioa, mkewe anakuwa mke mwenzangu, namtolea macho. Basi huyu mume wangu ana miaka ishirini na tatu, fundi wa mashine za boti, akikushika mkono unanuka petroli mpaka kesho yake. Kazi yake nzuri. Lakini ana ugonjwa.

Ugonjwa aliupatia Mombasa, wakati vita vimetufukuza na tunaishi huko kambini, chumba kimoja watu saba. Jirani yetu mmoja alikuwa na sanduku la kanda za zamani za Wamarekani, hao wanaosema maneno haraka haraka bila kuvuta pumzi. Hip-hop. Mtoto akawa haondoki mlangoni kwa yule mtu. Kusoma Kurani anasoma, shule anakwenda, lakini akirudi tu, kule. Tuliporudi Kismayu nikadhani atauacha kambini ugonjwa wake. Wapi! Kaupakia botini kaja nao.

Na hapendi ya siku hizi. Hapana, yeye anataka ya mwanzo, ya wazee wao. "Bibi, hii ya sasa ni sukari tupu. Ile ya zamani ina chumvi." Akaapa atatoa albamu yake ya kwanza kwa mtindo ule ule wa zamani. Albamu ndiyo nyimbo nyingi zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Nyuma ya nyumba tuna stoo ya nyavu. Akatoa nyavu zangu nje zikaliwa na panya, akatundika magodoro ukutani, magodoro mawili na blanketi moja ambalo mimi nilikuwa nalitafuta tangu Ramadhani, akaweka kompyuta kuukuu na kipaza sauti. Hiyo ndiyo studio. Ukiingia unatoka jasho kama umeingia kwenye chungu cha kitoweo.

Siku moja akaniletea simu. "Mke wangu, tazama hawa." Nikaona vijana wawili wamesimama uso kwa uso, watu wamewazunguka. Mmoja anasema maneno, vina vinakwenda, anamkoga mwenzake, watu wanapiga kelele. Akimaliza ananyamaza, anampa mwenzake nafasi. Mwenzake naye anamrudishia. Wakimaliza wanakumbatiana.

Nikamwambia, "Mbona hili ni vugo? Hawa pembe zao wameziacha wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeona samaki anapanda ngazi.

Vugo ni ngoma yetu wanawake, ya harusini. Mnasimama safu mbili, mmeelekeana, upande wa bibi harusi na upande wa bwana harusi, kila mwanamke na pembe yake ya ng'ombe na kijiti cha kuigongea. Upande mmoja unatoa kijembe. Ukishatoa, unateremsha pembe, unafunga mdomo, unangoja. Hata kama una jingine tamu liko kwenye ncha ya ulimi, unangoja. Wenzio wanajibu. Halafu mnakula halwa sinia moja, mnalambishana vidole. Ndiyo adabu yake. Kijembe kilichojibiwa ni mchezo. Kijembe kisichojibiwa ni tusi, na tusi hilo linaupata ukoo mzima, mpaka waliokufa.

Sasa mimi nilizaliwa kisiwani Chula, na kwa vugo, sijisifu, nilikuwa mkali. Harusi haijawa harusi mpaka nije. Aliyeniweza ni mmoja tu, mwanamke wa Chovae, kisiwa cha jirani, shoga yangu na adui yangu miaka arobaini. Nikimpiga huku ananipiga kule. Huyo naye vita vilimleta Kismayu, anakaa kwa mwanawe karibu na soko.

Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, wale wazee wa hip-hop walikuwa wanachukua kipande cha santuri ya wazazi wao, wanakizungusha, wanaimba juu yake. Sisi santuri zetu zilibaki vitani. Santuri yangu ni wewe."

"Santuri yako ina meno matatu," nikamwambia.

"Nipe kimoja tu. Kikali."

Nilikuwa napara samaki. Nikampa, huku magamba yananirukia usoni. Nilimpa kile nilichowapiga nacho watu wa Chovae, harusi moja ya zamani:

*Nilipofika Chovae, nikapigwa na butaa,*
*mgeni kabisha hodi, wenyewe wazima taa,*
*mchuzi wao wa pweza, mwiko kutwa wazubaa,*
*pweza wamtafutao, yuko kwetu anakaa.*

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye magamba. Simu yake ilikuwa mkononi, nikadhani anaongea na watu wake. Kumbe inanisikiliza.

Na hapa ndipo uone akili ya vijana. Mume wangu huyu huyu, miezi miwili nyuma, alikuwa ameniambia moyo wake umelala kwa msichana fulani. Msichana wa nani? Mjukuu wa yule yule mwanamke wa Chovae! Nikapeleka posa mimi mwenyewe: halwa, doti mbili za kanga, udi, na pete. Wakapokea. Wakasema, tungojeni, tutawapa siku. Tukawa tunangoja siku. Na yeye katika kungoja huko akamaliza albamu yake, akawaachia watu wimbo wa kwanza. Kauachia hewani, kijembe changu kinazunguka humo mara nane, pweza yuko kwetu anakaa, pweza yuko kwetu anakaa, halafu yeye juu yake anajigamba. Jibu? Hakuna. Upande wa pili hakuna hata mtu wa kukohoa.

Basi bajaji ilipoondoka, mimi kwanza nilifurahi. Kweli nawaambia. Nilicheza pale pale juu ya mchele. Nilikuwa nimefika mzunguko wa pili ndipo nikakumbuka Chovae.

Adhuhuri haijaadhiniwa, ami yake yule msichana, mtoto wa shoga yangu, huyo kaja, kabeba kichwani kasha la posa yangu. Akalitua kwenye mkeka wangu. Kanga hazijakunjuliwa. Halwa imekauka, unaweza kupigia msumari.

"Mama yangu anakusalimu," akasema, hajakaa. "Anasema binti yetu hatumtoi kwa nyumba yenye pweza wetu. Asije naye akamezwa."

"Mwanangu, kaa unywe maji."

"Tusije tukayamaliza, mama. Maji ya wageni nyinyi mnayo machache? Ah, nimesahau, ni sisi tunaozima taa." Akaenda.

Mjukuu wangu aliporudi kutoka bandarini akalikuta kasha. Yeye, mtu wa maneno mia kwa pumzi moja, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ina grisi, anaitazama ile pete. Nilimwona vile alivyokuwa siku tunatoka kambini, kaketi juu ya mzigo.

"Nitaufuta, bibi," akasema.

"Utaufuta kwenye simu ya nani? Unapita mpaka kwenye bajaji za watu wasiojua hata Chovae iko wapi."

"Basi niwaombe samahani. Nitasema mbele ya watu."

"Mume wangu, husikii. Hao hawataki samahani. Wanataka zamu yao."

Alasiri tukatoka, mimi mbele, yeye nyuma na kasha. Tukabisha hodi kwa yule mwanamke wa Chovae. Sauti ikatoka ndani:

"Nani?"

"Mimi."

"Ah! Yule wa kwenye bajaji. Ingia, lakini punguza sauti, mtaa mzima ushakusikia."

Yuko kitandani kwake, kiboko yangu yule, mweusi tii, tasbihi mkononi, tambuu mdomoni. Hakuinuka. Nikamshika mkono, akanipa vidole viwili.

"Shoga, nimekuja," nikasema.

"Umekuja kwa miguu? Nilidhani siku hizi unapita hewani."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anajizuia kucheka. Mke mwenzangu huyo. Nikampenda hapo hapo, lakini sikuonyesha.

Shoga yangu akamgeukia mjukuu wangu. "Na wewe kijana wa mashine. Ulimrekodi huyu, ukamaliza, ukafunga. Hukujiuliza upande wa pili uko wapi?"

"Nilikosa, bibi."

"Hao Wamarekani wako wa zamani. Mmoja akimkoga mwenzake, aliyekogwa anakwenda kulala?"

"Hapana, bibi. Anatoa wimbo wake, anajibu."

"Anajibu!" Akapiga paja. "Basi wao wana adabu kukushinda wewe uliyenyonya kwetu. Mchu hukogwa akajibu, hata huko kwao wanajua." Mchu, kwa lugha yetu ya visiwani, ndiyo mtu.

Mjukuu wangu akainama mpaka kidevu kikagusa kifua. Shoga yangu alikuwa kasema haki, na haki ya adui ni chungu, unaimeza kama shubiri.

Akatoa masharti. Moja, atajibu, na jibu lake litiwe kwenye wimbo ule ule, si mwingine. Mbili, mimi niwe mbele yake, pembe nimeiteremsha chini, mdomo nimefunga. Tatu, na hapa akanitazama mimi machoni, neno la mwisho la wimbo ule liwe la Chovae, milele. Nisiongeze kitu, si leo, si harusini, si siku nyingine yoyote.

"Ukikubali, kasha likae. Ukikataa, mlango unaujua."

Sijawahi kumwachia mtu neno la mwisho mimi. Hata marehemu mume wangu, siku anakata roho tulikuwa tunabishana kuhusu dirisha. Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa hajainua kichwa, lakini mikono ile ya grisi ilikuwa imelikumbatia kasha.

"Nimekubali," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Kesho yake akaja, kwa bajaji, na wanawake wanne wa kumsindikiza, kama anakwenda kutawazwa. Akaingia stoo, akatazama magodoro. "Hii ndiyo studio? Kwetu hapa tungemlaza mgonjwa." Mjukuu wangu akataka kumvalisha vile vya kuziba masikio. Akamsukuma. "Mchu hajibizani masikio ameyaziba! Nimsikie huyu anavyopumua."

Mara ya kwanza akaanza, jogoo akawika. Mara ya pili, jirani akawasha jenereta. Mara ya tatu adhana, tukatoka wote tukasali, tukarudi. Mara ya nne kukawa kimya. Mimi nimesimama mbele yake, pembe sakafuni, jasho linanichuruzika mgongoni. Akagonga pembe yake. Miaka themanini, lakini ule mkono, subhanallah, kama mtoto anakimbia kwenye mbao. Akatoa:

*Pweza kuhamia kwenu, kaona pana salama,*
*chunguni ametandika, kalala na wake mama,*
*jiko lenu la baridi, moto limeshauhama,*
*azaa wana alea, wakuita bibi mwema.*

Yaani umeelewa? Pweza kaja kwangu kwa sababu kwangu hakupikwi! Kajiona salama chunguni mwangu, kaleta na mama yake, kazaa, watoto wa pweza wananiita mimi bibi!

Wale wanawake wanne wakaanguka mmoja juu ya mwingine. Na mimi hapo hapo, wallahi, jibu likanijia. Limekuja lenyewe, zima, vina vyote vimekaa, tamu, kali, lingemlaza yule mwanamke kitandani mwake wiki nzima. Likapanda kifuani, likafika kooni. Mdomo ukafunguka. Nikaona jicho la mjukuu wangu juu ya kompyuta, limenitazama, halipepesi. Alijua. Ananijua mume wangu.

Nikachukua pindo la kanga nikajitia mdomoni. Lote. Nikauma. Jibu likapiga huku na huku kama samaki kwenye ndoo. Nikalimeza. Lakini kicheko sikukiweza, kikatokea puani, kikatoka kama punda.

"Kacheka!" Shoga yangu akaruka, miaka themanini hiyo. "Mchu wa Chula kacheka! Imeshika?"

"Imeshika, bibi," mjukuu wangu akasema, na yeye machozi yanamtoka.

"Basi nimemaliza. Leteni halwa."

Tukala sinia moja, halwa mpya, ile kavu tulimpa jirani wa jenereta. Alinilisha kwa mkono wake, nikamlisha kwa wangu, nikamng'ata kidole kidogo. Siku ya harusi ikatajwa pale pale nje ya stoo, juu ya nyavu.

Albamu ikatoka, nyimbo kumi na moja. Ziko za bandari, iko ya mama yake, iko moja ya mashine iliyokataa kuwaka, nzuri sana. Hakuna anayeziuliza. Watu wanataka ile ya vikongwe wawili, na wakiipata wanaipeleka moja kwa moja mpaka kwenye jibu, na kicheko changu cha punda. Sokoni siku hizi siwezi kupita. Muuza samaki ananiita kwa mbali, "Bibi, njoo uwatambue, wajukuu zako hawa wameshikwa leo!" Na shoga yangu watu wanampiga picha. Amenunua miwani.

Siku ya harusi nilijitahidi. Vugo lilipigwa, nikatoa vijembe vingine sita, nikajibiwa sita, tukaenda sawa. Kile cha pweza sikukigusa. Neno nimetoa. Lakini jibu nililolimeza lilikuwa bado limo humu, linanisumbua kama mwiba wa samaki, nikila halishuki, nikilala halilali.

Basi mume wangu alipokuja kuniaga, kavaa kanzu nyeupe, kanukia udi badala ya petroli, nikamvuta sikio. Nikamwambia, sitaliimba, lakini sitaki kuzikwa nalo. Nikamnong'oneza lote, mistari minne.

Alishika ukuta. Kofia ikamwanguka. Nilidhani nimemuua bwana harusi.

Alipopata pumzi akapiga magoti, akanishika mikono yote miwili. Akaniahidi kwamba hatalitamka kwa mtu, hata kwa mkewe, maadamu mmoja wetu kati ya vikongwe wawili yuko hai, ili neno la Chovae libaki la mwisho kama nilivyoapa. Na siku sisi sote wawili tutakapokuwa chini ya mchanga, ndipo atalitoa. Lakini hatalitoa hewani peke yake. Atamkalisha mkewe mbele yake, ampe pembe ya shoga yangu mkononi, alitamke mara moja, kisha ateremshe pembe yake mwenyewe, afunge mdomo, na angoje ajibiwe, hata ikiwa ni mwaka mzima, neno la mwisho lirudi Chovae.